Notisi za walimu zisifungiwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sisi walimu wa sayansi tunaandaa notisi, maswali na michoro kila mtu kivyake, halafu mwalimu wa shule ya jirani naye anaanza upya mada ileile ya usanisinuru, kwa nini jamani? Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeshaweka vitabu vya kiada mtandaoni na hilo nalipongeza sana, ila kusoma tu haitoshi, mwalimu anataka faili analoweza kulifungua, akatoa mfano wa ngano akaweka muhogo kama yuko Mtwara, akaprinti, akamrushia na mwenzake WhatsApp bila kuogopa hakimiliki. Inawezekana kabisa, UNESCO walipitisha pendekezo la nyenzo huria za elimu mwaka 2019, leseni za Creative Commons, zinazoruhusu watu kutumia na kusambaza kazi bila kumwomba ruhusa mwenyewe, zipo tangu 2002, African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, wanazitumia na hadithi za Kiswahili zimo humo, ruksa kutafsiri na kubadilisha. Naiomba wizara, nyenzo zozote zinazotengenezwa kwa hela ya umma ziwe na leseni huria na zitolewe kwa Word, sio PDF ya kuskani ambayo hata sentensi moja hukopi. Na mafaili yawe mepesi, bando tunanunua wenyewe.

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro