Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori, Kenya: Wafugaji wa Sibiloi waajiriwe katika utafiti

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyotengwa mwaka 1973 kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Ombi langu ni moja: wafugaji wa Kidaasanach na Kigabra wanaoishi kandokando ya hifadhi hiyo waajiriwe kuwa waangalizi wa utafiti mwaka mzima, wasiishie kuitwa kufanya kibarua pale tu watafiti wageni wanapofika.

Sababu iko ardhini. Sibiloi ni nchi kame yenye mimea michache ya kushika udongo, na mvua ikinyesha, hata ya saa moja, maji hukata makorongo na kufukua mifupa ya kale ya wanyama na ya mababu wa binadamu iliyolala humo kwa zaidi ya miaka milioni moja. Pengine kinachoonekana ni jino moja tu, linalong'aa kati ya kokoto nyeusi, na tangu siku hiyo jua, upepo na kwato za mbuzi huanza kulisaga. Watafiti huja kwa msimu kisha huondoka; mchungaji hupita hapo kila siku.

Macho ya Wakenya ndiyo yaliyoipa nchi hii sifa. Fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu linalojulikana kwa namba 1470, kutoka Koobi Fora, eneo la uchimbaji humo Sibiloi, liligunduliwa mwaka 1972 na Bernard Ngeneo, na Kamoya Kimeu ndiye aliyeona mwaka 1984, huko Nariokotome ng'ambo ya ziwa, kipande cha kwanza cha mifupa ya Kijana wa Turkana, mvulana wa jamii ya kale ya binadamu aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Waangalizi hao wangeandika pia kina cha maji, samaki wanaovuliwa na nyendo za choroa. Kumbukumbu hizo zinahitajika sana, kwa kuwa mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III nchini Ethiopia, kwenye Mto Omo unaolilisha ziwa hilo.

Humo hifadhini zipo pia nguzo za mawe za Jarigole, makaburi ya wafugaji wa kale. Masimulizi ya wazee kuhusu mahali kama hapo yanalindwa na sheria ya maarifa ya jadi ya mwaka 2016, kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kila kibali cha utafiti kidai ridhaa yao ya maandishi, na nakala ya matokeo ibaki Ileret, kijiji cha Wadaasanach kilicho karibu na hifadhi, kwa lugha wanayoielewa. Ajira ya waangalizi wa kwanza ianze kabla ya mvua za masika.

Wako mwaminifu,
Mkereketwa wa malikale, Marsabit