Malalamiko: pikapu za gitaa langu la Kijapani kuondolewa bila ridhaa yangu

Sinza, Dar es Salaam
4 Agosti 2025

Meneja,
Karakana ya Vyombo vya Muziki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUONDOLEWA KWA PIKAPU ASILIA ZA GITAA AINA YA IBANEZ ARTIST

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa mjini. Tarehe 15 Julai niliwaletea gitaa langu la umeme, lenye pikapu mbili (vile vinasa sauti vya sumaku na koili vinavyokaa chini ya nyuzi). Kazi niliyoomba iliandikwa kwenye stakabadhi na mtu wenu wa mapokezi: kubadilisha poti nne (vidhibiti vya sauti) kwa nyingine mpya za 500K, yaani za kilo-omu 500 za ukinzani wa umeme, kubadilisha jaki (tundu la kuchomekea waya), na kubandika karatasi ya shaba ndani ya matundu ili kupunguza mngurumo. Tulikubaliana shilingi 180,000. Pikapu hazikutajwa mahali popote.

Nililifuata Ijumaa tarehe 25 jioni, mkiwa mnafunga. Bili ilikuwa imefika shilingi 320,000. Nilipouliza, nikaambiwa nyongeza ni ya "maboresho". Usiku huo tulikuwa na onyesho na sina gitaa jingine, nikalipa.

Wimbo wa kwanza tu nilijua kuna jambo. Kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, solo na second solo zinapishana kwa karibu sana, na kila noti lazima isikike imesimama peke yake. Sauti yangu ilitoka imefumba, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Mwenzangu wa second solo alinisogelea katikati ya wimbo akaniuliza kama apu (kikuza sauti) imeungua.

Asubuhi nilifungua kifuniko cha nyuma. Nyaya za zamani, zile zilizosukwa kwa uzi wa chuma kwa nje, zilikuwa zimekatwa kwa koleo, na vipande vyake vifupi kama ukucha vilikuwa bado vimeshikiliwa na risasi ya kulehemu kwenye bati la poti. Pikapu zangu hazikuwepo. Zilizowekwa hazina jina wala namba mgongoni. Poti nazo ni za 250K, si za 500K kama nilivyoomba. Fundi yeyote wa magitaa anajua kwamba pikapu ya koili mbili, kama zangu, huwekewa poti ya 500K, kwa sababu ile ya 250K inamwaga sauti za juu kabla hazijafika kwenye jaki. Jaki mmeiweka vizuri, na karatasi ya shaba imebandikwa kwa uangalifu, hilo nalikubali.

Nilipopiga simu Jumatatu, fundi wenu mkuu alinijibu kwamba gitaa langu ni "kopi ya Kijapani", kwamba pikapu zake zilikuwa zimekufa, na kwamba mpya ni bora kwa kuwa zina nguvu zaidi. Naomba mnisikilize kwa utulivu, maana jibu hilo limeniumiza kuliko fedha.

Gitaa hili nililinunua Kariakoo mwaka 2021 kwenye duka la mitumba ya Japani, likiwa limelala kati ya spika za gari na mabegi, jina limefutika nusu. Nilikaa nalo siku nyingi nikilisoma. Nyuma ya kichwa kuna namba iliyogongwa kwenye mbao: herufi I, kisha 79, kisha tarakimu nyingine nne. Kwa Ibanez za Japani za miaka ile, herufi ni mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Kwa hiyo ni gitaa la Septemba 1979. Nati yake, kile kipande kinachoshikilia nyuzi penye kichwa, ni nusu mfupa, nusu shaba ya njano, na shingo imegundishwa kwenye mwili, haikufungwa kwa skrubu. Magitaa haya yalitengenezwa na kiwanda cha FujiGen Gakki cha Matsumoto kwa ajili ya Hoshino Gakki ya Nagoya, wenye jina la Ibanez. Kiwanda hichohicho ndicho Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, ilikipa kazi ilipoanza kutengeneza magitaa yake Japani mwaka 1982.

Ni kweli kwamba Wajapani walinakili sana miaka ya 1970. Mwaka 1977 Norlin, iliyokuwa ikimiliki kampuni ya magitaa ya Gibson, iliishitaki huko Philadelphia kampuni iliyosambaza Ibanez Marekani, kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Lakini Artist haimo katika kopi hizo. Umbo lake la pembe mbili ni lao wenyewe. Kuliita kopi ni kuonyesha kwamba hakuna aliyegeuza kichwa chake akasoma namba kabla ya kushika koleo.

Na pikapu hazikuwa zimekufa. Zilikuwa za aina ya Super 70, kazi ya Maxon, watengenezaji wa Kijapani. Nina daftari ninaloandika hali ya vyombo vyangu, na wiki moja kabla ya kuwaletea nilizipima kwa mita: ya shingoni kilo-omu 7.6, ya darajani 7.9. Koili iliyokatika haitoi kipimo kama hicho. Hizo zenu zinasoma zaidi ya 14. Nguvu hiyo labda ingemfaa mpiga roki. Mimi napiga dansi, nahitaji uwazi. Pikapu zile zilikaa ndani ya gitaa lile miaka 45, na siwezi kwenda dukani kununua nyingine kama hizo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza kabisa, nirudishiwe pikapu zangu mbili, pamoja na fremu na skrubu zake, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Kama mmeshaziuza au kumpa mtu, naomba nielezwe ziko wapi, na mzifuate ninyi. Nirudishiwe shilingi 140,000 za "maboresho", na poti za 500K nilizolipia ziwekwe bila malipo. Kazi ya kurudisha pikapu nitaifanya mwenyewe, au nitakuwepo karakana ikifanyika. Sitaliacha tena gitaa hili mikononi mwa mtu nisiyemwona.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nisipoyapata nitapeleka malalamiko yangu Tume ya Ushindani, nikiambatisha stakabadhi, picha za nyaya zilizokatwa, na nakala ya ukurasa wa daftari wenye vipimo.

Katika kusubiri, nawaomba sana msizitupe pikapu hizo, hata kama kwa macho yenu zinaonekana chakavu.

Wenu,

Mteja wa stakabadhi Na. 0418