Mjomba, kile kinundu cha chembe ya moyo si vidonda vya tumbo

Shikamoo mjomba.

Ukiwa ziwani simu haipatikani, ukiwa nchi kavu unapokea ili uniambie "tutaongea". Basi nimeamua kukuandikia hapa hadharani, jina nimelificha. Wanao hawabanduki mtandaoni, hakosi mmoja wa kukusomea.

Siku ya arobaini ya bibi ulivua shati usaidie kuepua lile sufuria la pilau. Uliponyanyua ukakohoa, nikakiona. Kinundu kama ndimu changa, katikati kabisa, kati ya kitovu na mfupa wa kifua. Ukakirudisha ndani kwa kidole gumba, ukaendelea na kazi kama hakuna kitu. Nilipouliza ukanijibu ni vidonda vya tumbo vimevimba, na kwamba juisi ya kabichi inavituliza.

Mjomba, vidonda vya tumbo vimo ndani, kwenye ngozi laini ya tumbo la chakula. Havichungulii nje mtu akikohoa, wala havisukumwi vikarudi. Kinachofanya hivyo ni ngiri. Na usishtuke kusikia neno hilo, maana najua pale sokoni Mwaloni, Kirumba, likitajwa tu watu wanaanza kucheka na kuangalia suruali ya mtu. Busha ni jambo jingine. Hii yako ni ngiri ya tumbo la juu, haina habari na huko chini, na wale wa kipaza sauti stendi wanaouza dawa ya ngiri pamoja na ya nguvu za kiume wanatafuta nauli tu.

Wewe unazijua nyavu, nikueleze kwa nyavu. Misuli ya tumbo iko pande mbili, kulia na kushoto, na katikati imeunganishwa na utando mgumu ulioshuka kutoka kifuani. Utando huo ukichanika jicho moja tu, kilichoko nyuma yake kinatafuta njia. Mara nyingi ni mafuta ya ndani, si utumbo. Tundu lenyewe laweza kuwa dogo kama la kifungo cha shati, lakini mafuta yakibanwa pale yanauma kuliko ukubwa wake. Wapo pia wasiosikia maumivu yoyote, wanaona uvimbe tu. Na jicho lililochanika kwa mtu mzima halijifungi lenyewe, hata ukinywa shamba zima la kabichi.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nilikuwa nacho. Unakumbuka miaka ile nashusha saruji pale Igoma, mfuko wa kilo 50 unaupakata tumboni ndipo uurushe begani? Nilianza kuchomwa hapa kwenye chembe ya moyo, hasa jioni baada ya kusimama kutwa. Nikilala, kimya. Nikaenda zahanati moja, nikalazwa chali kitandani, nikabonyezwa huku na huko, nikaambiwa gesi. Nikameza dawa za gesi miezi 8. Siku nyingine, mahali pengine, daktari kijana akaniambia, "Simama. Kohoa." Kikatoka palepale, akakishika kwa vidole viwili. Altrasaundi ilithibitisha tu alichokwisha kukiona.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike, mjomba. Ugonjwa huu hujificha mtu akilala. Ukiingia kwa daktari usisubiri kuulizwa: mwambie kinatoka ukisimama, ukikohoa, ukinyanyua, ukijikamua chooni, na kinarudi ukilala. Mwonyeshe kwa kidole ni wapi. Mwambie pia maumivu yako yanafuata nini. Ya vidonda mara nyingi hufuata njaa na chakula, yanaunguza, yanaweza kukuamsha usiku. Ya ngiri hufuata mkao na mzigo, ingawa ukishiba sana nayo yaweza kusumbua. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo usikatae kupimwa kwa sababu mpwa wako kasema ngiri.

Tena sisi watu wa ziwani tuna letu. Ukivimba juu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, kwa uvimbe mgumu usiojali kama umesimama au umelala, hilo laweza kuwa bandama, na kichocho cha miaka mingi kinaweza kulikuza. Wewe umekuwa ukiingia majini kuvuta mtumbwi tangu utoto. Omba na choo chako kipimwe. Na ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, hapo hakuna kusubiri, ni hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo chembe ya moyo ikibana ghafla, jasho likatoka na pumzi ikawa fupi: huenda ni moyo wenyewe.

Sasa sehemu inayoninyima usingizi. Siku kinundu kikikataa kurudi, kikawa kigumu, kinauma bila kuacha, ngozi juu yake ikabadilika rangi, ukaanza kutapika au ukashindwa hata kujamba, ujue kilichonaswa kinakosa damu. Hizo ni saa, si siku. Usikisukume kwa nguvu, usikikande kwa maji moto, na usiseme utasubiri meli ya asubuhi uje Mwanza. Nenda hospitali ya hapo kwenu Ukerewe, Nansio, usiku huo huo, wao ndio waamue kukuvusha. Usile wala kunywa chochote njiani.

Kuhusu ile kanga unayofungwa tumboni na mama watoto kabla ya kubeba magunia: inakupa nafuu, sikatai, lakini haishoni kitu. Na magunia yenyewe ya dagaa, yaliyoshindiliwa kama lumbesa, waachie vijana kwa sasa. Na sigara. Kile kikohozi chako cha alfajiri kinaweza kupanua tundu, na hata ukishonwa kinaweza kufumua.

Kushonwa kwenyewe unakuogopa bure. Mimi walinirudishia mafuta ndani, wakaweka kiraka cha wavu mwembamba, wakashona. Kovu langu halifiki urefu wa kidole. Kilichonitesa ni zile wiki 6 za kukatazwa kubeba, nikikaa dukani naangalia wengine wanashusha mzigo wangu vibaya. Na kama chako hakiumi sana, daktari anaweza kusema tungoje tukiangalie. Sawa, lakini aseme yeye, si wewe na kabichi.

Nimeuliza, utaleta mzigo Mwaloni Alhamisi. Nitakuwa pale Kirumba saa 2 asubuhi, na pikipiki ninayo. Tutaanzia hospitali ya Sekou Toure. Dagaa wako nimeshampata mtu wa kuwasimamia, yule jirani yako wa kizimba, na amekubali kwa sharti kwamba asiulizwe bei aliyouzia.

Njoo na daftari lako la kliniki, na ukohoe unapoambiwa.

Mpwa wako, wa saruji