Mbegu Hazijaota? Fukua Moja Kwanza Kabla ya Kumwaga Trei

Kuanzia katikati ya Juni mpaka mwanzoni mwa Agosti, malalamiko yanayoletwa kitaluni kwetu hapa Arusha hufanana. Mteja amenunua mbegu za hoho au nyanya, amejaza trei vizuri, ameiweka ndani ili kuku na panya wasiifikie, na wiki mbili zimepita bila hata jani moja. Wengi huwa wameshaamua kwamba wameuziwa mbegu feki. Mbegu feki zipo, na tutafika huko. Lakini katika trei nyingi tunazoletewa, mbegu ilikuwa nzima siku ilipopandwa, na wakati mwingine bado ni nzima. Inasikitisha kuona mtu anamwaga jalalani trei ambayo ingeota kama ingehamishwa tu kutoka sakafuni.

Kwa hiyo tunawaomba wateja wetu jambo moja kabla ya kumwaga chochote: fukueni. Chukua kijiti cha meno, toa mbegu tatu au nne kutoka pembe tofauti za trei, ziweke juu ya tishu nyeupe, kisha zibonyeze taratibu kwa ukucha. Mbegu yenyewe itakueleza ilikwama wapi.

Ukikuta mbegu ni ngumu, haina harufu, na imevimba kidogo, usiiguse zaidi. Irudishe. Hiyo iko hai na inasubiri joto. Huku kwetu ndiyo hali tunayoikuta mara nyingi, kwa sababu usiku wa Julai Arusha mjini joto hushuka mpaka nyuzi 12 au 13, na walioko juu kuelekea Mlima Meru hupata baridi zaidi ya hiyo. Nyumba ya tofali bila dari haitofautiani sana na nje ikifika alfajiri.

Baridi haiui mbegu ya nyanya, inaichelewesha. Udongo ukiwa na nyuzi 25, nyanya hujitokeza kwa takriban siku 6. Kwenye nyuzi 20 huchukua kama siku 8, na kwenye nyuzi 15 kama wiki mbili. Ukishuka mpaka nyuzi 10, utasubiri zaidi ya mwezi, na kwa kawaida mbegu itakuwa imeshaoza kabla haijafika huko. Hoho na pilipili zinapenda joto kuliko nyanya: siku 8 hivi kwenye nyuzi 25, siku 13 kwenye nyuzi 20, na karibu siku 25 kwenye nyuzi 15. Bilinganya na nyanya chungu zihesabu pamoja na pilipili. Kabichi, sukuma wiki na vitunguu huvumilia baridi vizuri zaidi, ndiyo maana jirani yako anaweza kupanda kabichi siku moja na wewe, dukani pamoja, trei pamoja, na zake zikatoka wakati hoho zako zimelala.

Hapa kuna kitu ambacho watu hukisahau: joto linalohesabika ni la udongo, si la chumba. Udongo uliolowa huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka, maana maji yanapokauka hubeba joto. Trei ikikaa juu ya vigae au saruji tupu inapoteza joto kwa chini pia. Kipimajoto cha kawaida kinatosha. Kichomeke kwenye udongo wa trei asubuhi kabla ya jua, uone mwenyewe. Tumewahi kupimiwa na wateja vyumba ambavyo mchana vina nyuzi 24 na udongo wa trei alfajiri una 14.

Dawa yake si ghali. Inua trei kutoka sakafuni, uiweke juu ya meza au kabati. Jikoni ni chumba kizuri, ila mbali na mvuke wa sufuria. Juu ya friji panafaa, hasa friji za zamani zinazotoa joto kwa nyuma. Funika trei kwa nailoni nyepesi ili unyevu na joto vibaki, na usiku tandika blanketi kuukuu juu yake. Mbegu za nyanya na hoho hazihitaji mwanga zikiwa bado chini ya udongo. Lakini trei iliyofunikwa nailoni isikae kwenye jua kali. Ndani ya nailoni joto hupanda haraka sana, na mbegu iliyopikwa hairudi. Miche ya kwanza ikichungulia tu, toa nailoni siku hiyohiyo na uipeleke kwenye mwanga.

Wateja wetu wa Dar es Salaam na Tanga wana shida ya upande wa pili, na saladi ndiyo inayowatesa. Mbegu ya saladi ikipata maji wakati joto limezidi nyuzi 30, inajifunga. Haijafa, imegoma, na nyingine huendelea kugoma hata joto likishuka baadaye. Januari na Februari pwani, chumba kisicho na feni kinavuka joto hilo kwa urahisi. Panda jioni, tumia maji ya baridi, na ikiwezekana weka mbegu kwenye tishu yenye unyevu ndani ya friji, sehemu ya chini na si ya barafu, kwa siku moja au mbili kabla ya kuzipanda. Aina nyingi za saladi pia zinataka mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie. Zinyunyize juu, zikandamize kwa kiganja, nyunyizia ukungu mwembamba wa maji, basi. Na wale wenye visima vya maji ya chumvi, otesheni mbegu kwa maji ya mvua au ya bomba. Chumvi huizuia mbegu kunywa maji hata kama udongo umelowa chepechepe.

Turudi kwenye tishu yako. Ukibonyeza mbegu ikapasuka na kutoa uji, au ikawa na harufu ya kuoza, au imezungukwa na nyuzinyuzi nyeupe, hapo tatizo karibu siku zote ni maji. Watu wanamwagilia kwa huruma. Mbegu inapumua, inahitaji hewa ndani ya udongo, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Ongeza baridi juu yake, na wale vimelea wanaoleta kinyausi wanapata karamu. Wengi tunaujua ugonjwa wa kinyausi kwa miche iliyokatika shingoni na kulala chini, lakini vimelea haohao hushambulia mbegu kabla haijatokeza, na mwenye trei haoni kitu. Yeye anasema tu haikuota.

Chukua udongo wa trei kiganjani, ukamue kwa nguvu. Likidondoka tone moja au mawili, uko sawa. Yakitiririka, umezidisha. Hakikisha kila tundu la trei lina kitobo chini. Makopo ya mtindi na chupa zilizokatwa ni vyombo vizuri kabisa, ila ni lazima vitobolewe. Njia tunayoipenda sisi ni kunywesha kwa chini: weka trei kwenye beseni lenye maji kina cha vidole viwili mpaka uso wa udongo ubadilike rangi, kisha itoe ichuruzike. Hapo hurudii kumwagilia mpaka uso uanze kukauka.

Udongo wenyewe nao una lawama zake. Samadi ambayo haijaiva hutoa joto na amonia, na vyote viwili huua mzizi mchanga. Mbegu haihitaji mbolea ili iote, chakula chake cha siku za mwanzo kimo ndani yake. Udongo wa msituni unaopendwa sana ni mzuri kwa mche mkubwa, lakini huja na vimelea na mayai ya wadudu. Kama ndio ulio nao, ulowanishe na uupashe moto kwenye pipa lililofunikwa mpaka ufikie nyuzi 80 hivi kwa nusu saa, kisha uuache upoe kabisa. Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, hauna shida hiyo kwa kiasi kikubwa, ila baadhi ya matofali yake yana chumvi nyingi. Uloweke, ukamue, umwage maji, urudie tena. Hatua hiyo inarukwa mno.

Kuna wakati utafukua na kukuta mbegu imetoa kimzizi cheupe ambacho sasa ni cha kahawia na kimenyauka. Hii ni ile trei iliyoachwa ikakauka, hata kwa siku moja. Mbegu ikishaanza kuota haiwezi kurudi usingizini kusubiri maji mengine. Trei za mayai, zile za karatasi, zinaongoza kwa hili kwa sababu karatasi hufyonza maji kutoka kwenye udongo na kuyatoa hewani. Sisi hatuzishauri. Ukiwa mtu wa kusafiri mwisho wa wiki, nailoni ile tuliyoitaja itakuokoa.

Ukikuta kichipukizi kimejikunja chini ya udongo, kirefu na chenye rangi ya njano, umefukia sana au udongo umeshikamana juu. Kina kinachofaa ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Kwa nyanya na hoho ni kati ya nusu sentimeta na sentimeta moja. Mchicha ni wa kunyunyiza juu na kufunika kidogo tu.

Na usipokuta mbegu kabisa, angalia sisimizi. Wanabeba mbegu ndogo za saladi na mchicha usiku mmoja wakamaliza. Weka miguu ya meza kwenye makopo yenye maji.

Sasa hizo mbegu mbovu. Kuna kipimo cha nyumbani ambacho kila mkulima anapaswa kukifanya kabla ya kujaza trei, hasa kwa pakiti iliyokaa. Hesabu mbegu 20, zipange kwenye tishu iliyolowa bila kutiririka, kunja, weka kwenye kopo lenye kifuniko, mahali penye nyuzi 20 hadi 30, au karibu 20 kwa saladi na vitunguu. Maabara za mbegu hutumia mbegu 400 na huhesabu mara ya mwisho siku ya 14 kwa nyanya na hoho, ya 12 kwa vitunguu, ya 10 kwa kabichi na ya 7 kwa saladi. Fuata siku hizohizo. Zikiota 17 au 18, mbegu ni nzuri, tafuta kosa kwenye trei. Zikiota 10, panda mbili kila tundu au dai haki yako. Zikiota 3, usipoteze kokopiti.

Mbegu hufa hata pakiti ikiwa halisi. Kitunguu ndicho chenye umri mfupi kuliko nyingi. Mbegu yake ikishavuka mwaka mmoja katika joto na unyevu, tunamwambia mteja aipime bila kujadiliana. Nyanya iliyohifadhiwa pakavu na pa baridi inaweza kufika miaka minne na zaidi. Joto na unyevu ndivyo vinavyoua, kwa hiyo rafu iliyo juu ya jiko, dashibodi ya gari na dirisha la duka linalopigwa na jua ni mahali pabaya pa kuweka mbegu. Chupa ya glasi iliyofungwa vizuri ndani ya friji ni pazuri. Unaponunua, angalia tarehe ya kupimwa na ya mwisho wa matumizi, na lebo ya taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yaani TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Mbegu iliyopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi haina wa kuiwajibikia.

Mbegu zenye rangi ya waridi, kijani au bluu zimepakwa dawa. Usiziloweke, utaiosha dawa hiyo, na nawa mikono baada ya kuzishika. Papai na pasheni ni hadithi nyingine: ule utando wa utelezi unaozunguka mbegu huzuia kuota, kwa hiyo sugua uishe kwa maji safi kabla ya kupanda, na hata hivyo papai linaweza kukaa wiki mbili mpaka nne au zaidi. Usilikatie tamaa mapema.

Kama umefukua na bado huelewi unachokiona, tuletee trei yenyewe ikiwa na udongo wake, usiimwage. Njoo na pakiti pia, hata ikiwa tupu, kwa kuwa namba ya shehena, yaani ya kundi la mbegu zilizofungashwa pamoja, iko pale, na utuambie tarehe uliyopanda na mahali trei ilipokaa usiku. Kuangalia trei hatutozi, popote uliponunua mbegu. Mbegu uliyonunua kwetu ikibaki na akiba kwenye pakiti, tunaipima kwenye tishu mbele yako na kukupigia simu siku ya hesabu ya mwisho. Isipoota inavyopaswa, tunakupa pakiti nyingine ya shehena tofauti. Tupo Jumatatu hadi Jumamosi, na asubuhi ndiyo nzuri zaidi, kabla hatujaanza kumwagilia.