Anayelia kwamba ameachwa bado anasema "Mungu wangu"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na waumini wenzangu ambao, wakimsikia aliyefiwa au aliyeugua kwa muda mrefu akilalamika kwamba Mungu amemwacha, huharakisha kumkemea kuwa imani yake ni haba. Niliambiwa hivyo nilipomzika mke wangu, na aliyeniambia alinitakia mema. Lakini kwa miezi kadhaa niliacha kuomba, kwa kuwa sala pekee niliyokuwa nayo ilikuwa manung'uniko, nami nilidhani manung'uniko hayapokelewi.

Maandiko hayasemi hivyo. Zaburi ya 22 huanza kwa kilio, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", na Mathayo na Marko wanaeleza kwamba Yesu mwenyewe alikitoa kilio hicho msalabani. Anayelia namna hiyo haoni Mungu yuko wapi, ila hapeleki malalamiko yake kwa mwingine. Humwambia Mungu mwenyewe, tena humwita "wangu". Zaburi ya 88 huenda mbali zaidi, kwani haimalizii kwa shukrani wala kwa ahadi bali huishia gizani, na hata hivyo waliotutangulia katika imani hawakuiondoa miongoni mwa sala zao. Niliisoma usiku mmoja nikiwa sina usingizi, nikajua kwamba mahali nilipokuwa palikwisha kukaliwa na mtu aliyeomba.

Mfikirieni pia nabii Eliya, ambaye katika 1 Wafalme 19 aliketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale, akamwacha alale tena, kisha akarudi mara ya pili na kumwambia ale kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Sauti ndogo ya utulivu ya Mungu, pamoja na habari ya watu 7,000 ambao hawakumpigia magoti mungu wa uongo Baali, Eliya aliyedhani amesalia peke yake alizipata baadaye, akiwa amekwisha kula, kulala na kutembea siku 40.

Nawasihi basi wanaowatembelea waliovunjika moyo wawapelekee chakula, wakae nao, na mtu akilia kwamba Mungu amemwacha, wamwache amalize. Mimi nimerudi kuomba kidogo kidogo. Ziko siku ambazo sina zaidi ya yale maneno mawili ya kwanza ya Zaburi ya 22, nami huyasema hayo.

Msomaji wako