Kikohozi cha mzee kipimwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji kuhusu kifua kikuu cha mapafu kwa wazee. Mzee akikohoa wiki 2, nyumbani husemwa ni uzee tu, au baridi. Duka la dawa humpa dawa ya maji, pengine na antibiotiki ya siprofloksasini bila kipimo. Siprofloksasini huwapunguza makali bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Mzee hupata nafuu ya siku chache, ugonjwa ukiendelea kula mapafu.

Wengi wao hawakuambukizwa jana. Bakteria huweza kulala mapafuni miaka 40 au 50 wakizuiwa na kinga, na kinga hupungua kwa umri. Ila umri hauko peke yake. Kisukari huongeza hatari ya kuugua mara 2 hadi 3, zaidi sukari isipodhibitiwa. Sigara huiongeza karibu mara 2. Wamo pia wenye figo mbovu, waliokonda kwa kula vibaya, wanaomeza prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, kwa miezi, na wenye VVU ambao hakuna aliyefikiria kuwapima kwa sababu ya mvi zao.

Wanaosahaulika kuliko wote ni wachimbaji wa zamani. Vumbi la mawe yenye silika likishafika ndani kabisa ya mapafu halitoki. Seli za kumeza bakteria hulimeza, zikafa. Kwa hiyo aliyeacha kuchoronga miamba kwenye migodi ya Mirerani miaka 20 iliyopita bado yumo hatarini. Mzee aulizwe kazi ya ujana wake, hata kama sasa analima tu.

Dalili nazo hupotosha. Homa na jasho la usiku huenda visiwepo. Badala yake mzee anakonda, anakataa chakula, anachoka, hata kuchanganyikiwa. Kwenye eksirei doa laweza kuwa chini ya pafu, likasomwa kuwa nimonia. Nimonia isiyopona kwa antibiotiki ipimiwe makohozi.

Hapo kwenye makohozi ndipo panapoharibika mara nyingi: kikopo hurudi na mate. Asukutue kinywa kwa maji, akae nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara 2 au 3, kisha akohoe kutoka kifuani hadi zipatikane mililita 3 hadi 5. Alfajiri ndiyo saa nzuri. Jibu hasi la mate lisimrudishe mtu nyumbani.

Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Mwenye kisukari aseme anachomeza, kwani rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huipunguza nguvu glibenklamidi, dawa ya kisukari, na sukari hupanda. Ganzi ya miguu au macho ya manjano yakitokea wakati wa dawa yaripotiwe siku hiyo hiyo.

Ombi langu ni kwa kliniki za kisukari na za shinikizo la damu. Wazee wanafika kila mwezi na mizani ipo. Kila ziara waulizwe kama wanakohoa, na uzito wa leo ulinganishwe na wa mwezi uliopita. Aliyepungua bila sababu apewe kikopo kabla hajaondoka.

Mhudumu wa afya,
Arusha