Mwanangu, usitie jina lako kwenye kazi usiyoiona

Mwanangu mpenzi,

Habari za uteuzi wako nimezipata kwa mdogo wako, si kwako, na hilo limenikaa moyoni. Hata hivyo hongera sana. Mkuu wa chuo! Baba yako ameshawapigia simu ndugu wote, hata wale tusiosalimiana nao.

Sasa nijibu jambo hili: maabara yako unamwachia nani? Mdogo wako ananiambia utaendelea nayo kidogo kidogo. Hapo ndipo usingizi unaponipaa. Asubuhi bodi, mchana bajeti, jioni wafadhili, kesho wanafunzi wamegoma. Hiyo kidogo kidogo utaifanya saa ngapi? Vijana wako wa uzamivu wataendelea kuandika makala, na jina lako litakuwa mwisho wa orodha ya waandishi kwa kuwa maabara ni yako. Usitie jina lako kwenye makala ambayo data zake hujaziona kwa macho yako.

Kisa cha Marc Tessier-Lavigne unakijua kuliko mimi. Mtaalamu wa ubongo, akawa rais, yaani mkuu, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani mwaka 2016, na 2023 akajiuzulu. Jopo lililochunguza halikusema yeye ndiye aliyechezea data. Lilisema zilichezewa na watu wengine katika maabara alizozisimamia, na kwamba makosa yalipojitokeza hakuyasahihisha inavyostahili. Makala hizo zilitoka miaka mingi kabla hajakikalia kile kiti. Kwa hiyo za zamani nazo zipitie upya, kabla wengine hawajakupitia.

Hata asiye na hatia huumia. David Baltimore, mwenye Nobel ya 1975, aliingia urais wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mwaka 1990, na mwaka uliofuata akajiuzulu kwa mzozo wa makala ya 1986, tena data zilizolalamikiwa hazikuwa zake. Mwenzake aliyetuhumiwa alisafishwa 1996. Miaka kumi hiyo, mwanangu! Baadaye Baltimore aliongoza chuo cha Caltech, lakini ile miaka nani alimrudishia?

Sisemi mwanasayansi hawezi kuongoza. Shirley Ann Jackson, mwanafizikia, aliongoza chuo cha Rensselaer kuanzia 1999 hadi 2022. Shirley Tilghman alikuwa kwenye kamati ya kumtafuta rais wa Chuo Kikuu cha Princeton, wenzake wakamgeukia yeye mwenyewe. Nawe huna upungufu. Tatizo langu ni muda wako.

Zile picha za protini ulizonifundisha kusoma, mistari myeusi iliyojipanga safu: mistari miwili ikifanana mpaka madoa ya pembeni yake, mtu amenakili. Lakini hilo utaliona ukikaa na picha ilivyotoka mashineni. Hutaliona kwenye ile iliyokatwa na kusafishwa kwa ajili ya jarida, unayoitazama kwenye simu ukiwa garini kwenda mkutanoni.

Tena kuna hili. Mwanafunzi anayeogopa kumwambia msimamizi wake kwamba jaribio limekataa, je, mkuu wa chuo atamwambia? Atanyamaza, atarudia, na siku moja atakuletea matokeo mazuri kupita kiasi. Wewe una ukali, na ukali huo ulijifunzia humu ndani, nalijua. Waambie mapema, kwa kinywa chako, kwamba jaribio lililoshindikana ni kazi iliyofanyika. Kisha tenga siku ya kukaa na madaftari yao kila wiki. Kama haiwezekani, mkabidhi mwenzako maabara, wanaokaribia kumaliza wamalize salama, na jina lako liondoke huko. Litakuuma, lakini fanya hivyo.

Huku nyumbani tuko salama. Baba yako macho yanamsumbua, miwani mpya hataki kuivaa. Labda akikusikia wewe ataivaa. Paa la chumba chako linavuja juu ya kabati, nimeyahamishia sebuleni makasha yako ya vitabu na madaftari ya zamani. Nilitaka kuyagawa, kisha nikasita: kama yana data za zile makala za mwanzo, yasitupwe hata moja. Njoo uyachambue kabla hujaapishwa, na fundi wa paa nitamwita ukishasema tarehe. Mdogo wako anauliza kama atapata nafasi kwenye sherehe. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kuwa mjumbe.

Nipigie Jumapili, uniambie umeamua nini kuhusu maabara.

Mama yako